Setilaiti nne bila kibali: uzi kuhusu swali la "nani alikupa ruhusa?"

Kila msimu wa siasa, mjadala wa uchumi ukianza, kuna mmoja lazima aseme leseni ndizo zinaua ubunifu, serikali itoke njiani watu wafanye kazi. Mwingine anamjibu kwamba bila leseni kila mtu atajifanyia atakavyo na mwananchi ndiye ataumia. Sitataja majina, mnawajua. Leo nawaletea kisa cha Marekani ambacho pande zote mbili zinaweza kukivuta kwao. Tulieni, ni kirefu kidogo.

Kuna kampuni iliitwa Swarm Technologies, ya California, iliyoanzishwa na Sara Spangelo na Ben Longmier. Wazo lao lilikuwa zuri, tuseme ukweli. Mawasiliano ya setilaiti yalikuwa ghali, na kuna vifaa vingi duniani ambavyo havihitaji kupiga simu wala kutazama video: kipima mvua shambani, kontena katikati ya bahari, mita ya maji kijijini. Hivyo vinataka tu kutuma ujumbe mfupi mara chache kwa siku. Kwa hiyo wakaunda setilaiti ndogo kabisa, SpaceBEE, sentimita 10 kwa 10 kwa 2.8. Yaani kama slesi mbili za mkate zikiwa zimelaliana.

Mwaka 2017 wakaomba kibali cha majaribio kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC. Mtu atauliza, kwa nini tume ya redio na simu ndiyo iamue mambo ya anga? Kwa sababu setilaiti ya mawasiliano bila mawimbi ya redio ni chuma tu. FCC iliundwa 1934, kabla hata binadamu hajarusha chochote kwenye mzunguko wa dunia, na kazi ikaja ikaongezeka. Tangu 2004 ina kanuni zinazomtaka mwombaji aeleze atazuiaje uchafu wa angani.

Desemba 2017 jibu likaja: hapana. Na sababu haikuwa rushwa wala fitina. Ni kwamba setilaiti ilikuwa ndogo mno. Mtandao wa rada wa jeshi la Marekani, unaofuatilia vitu vilivyo mzunguko wa chini, ulihesabiwa kuona vizuri vitu vya kuanzia kama sentimita 10. Swarm walisema wataweka kifaa cha GPS na viakisi vya rada ili zionekane. FCC ikajibu kwamba GPS inasaidia tu setilaiti ikiwa hai, ikifa imenyamaza, na viakisi vile vingeonekana na sehemu tu ya mtandao wa rada.

Msidhani ni woga wa bure. Februari 2009 setilaiti ya mawasiliano ya Iridium iligongana na setilaiti ya Urusi iliyokuwa imekufa, juu ya Siberia. Vipande vinavyoweza kufuatiliwa vilifika kama 2,000, na kila kipande kinaenda kwa kasi kuliko risasi. Na hizo mbili zilikuwa zinaonekana!

Sasa hapa ndipo kisa kinapopata utamu. Tarehe 12 Januari 2018, mwezi mmoja tu baada ya kukataliwa, roketi ya India, PSLV, iliruka na setilaiti 31. Nne kati yake zilikuwa SpaceBEE. Nafasi ilishatengwa kupitia wakala, roketi ikaondoka, nazo zikaondoka nayo. Isitoshe, kwa zaidi ya wiki moja zikawa zinawasiliana na vituo vya ardhini huko jimbo la Georgia. Umma ulijua Machi, jarida la IEEE Spectrum lilipochapisha habari.

FCC iliwaondolea kibali cha safari iliyofuata, ikachunguza, na Desemba 2018 wakakubaliana: Swarm walipe dola 900,000 na kwa miaka kadhaa wafuate mpango wa kuhakikisha wanatii sheria. Kamishna mmoja wa tume hiyo hiyo alilalamika kwamba faini haitoshi kumtisha mwingine. Namuelewa. Kampuni iliyopata wawekezaji inaweza kuiona faini kama gharama ya kuingia sokoni tu.

Lakini ngojeni, upande wa pili nao una hoja. Kampuni ilileta takwimu za rada kuonyesha kwamba vile vidude vinafuatilika kumbe. Oktoba 2019 FCC hiyo hiyo ikawaruhusu kurusha setilaiti 150. Mwaka 2021 SpaceX ikanunua kampuni nzima. Mpenda soko huria atasema: mnaona, kibali kilichelewesha tu jambo jema. Mimi naona tofauti. Takwimu zingeweza kutafutwa kabla ya kurusha. Tatizo la anga ni kwamba ukishakosea huwezi kurudi kuchukua kitu chako.

Na kuna kitu kinachosahaulika kabisa kwenye midahalo yetu. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema kampuni binafsi ikienda angani, nchi yake ndiyo inawajibika na lazima iisimamie. Mkataba wa 1972 ukaongeza: kitu kikianguka na kuharibu mali duniani, nchi iliyorusha inalipa, bila kuulizwa ilikuwa na kosa au la. Nchi iliyorusha ni pamoja na ile ambayo roketi imetokea ardhini mwake. Kwa hiyo India nayo ilijikuta ikibeba dhamana ya setilaiti ambazo Marekani ilizikataa. Ule mhuri wa afisa ni nchi kuweka sahihi kwamba mambo yakiharibika, mlipa kodi wake yupo.

Nasi hatuko pembeni. Mwaka 1976 Kenya, Uganda na nchi nyingine sita zilitia sahihi Azimio la Bogotá, zikidai sehemu ya mzunguko ulio karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta ni mali ya nchi zilizo chini yake. Dunia haikukubali, ila mjue swali la ruhusa ya angani tulishaliuliza zamani. Halafu Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kama kilo 500 ikaanguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Bahati ilitua vichakani. Ingetua juu ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba asingelazimika kuanza na kampuni: mkataba wa 1972 unaruhusu nchi yake iidai ile nchi iliyoirusha.