Kutoka Efendi hadi Afande: Kiswahili katika Mafunzo ya Vikosi na Malezi ya Viongozi wa Kijeshi Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi



Historia ya kuenea kwa Kiswahili imezoeleka kuelezwa kwa kufuata njia nne: biashara, dini, shule na utawala. Njia ya tano, yaani kambi ya jeshi, aghalabu hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kisha ikaachwa. Mhadhara huu unakusudia kuirejea njia hiyo kwa kuuliza swali moja: lugha inayotumika kufunza kikosi inatuambia nini kuhusu mtu anayetarajiwa kukiongoza? Hoja yetu ni kwamba askari wa Afrika Mashariki walifunzwa kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne, lakini ngazi ya vyeo ilikatwa pale pale Kiswahili kilipokomea. Aidha, tutaona kwamba kuunganishwa kwa ngazi hiyo baada ya uhuru hakukutosha peke yake kulea kiongozi mwema.

2.0 Efendi wa Mjerumani

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa kuzima vita vya Abushiri katika pwani ya Tanganyika, alikuja na mamia ya askari Wasudani walioandikishwa Misri. Askari hao walikuwa wamekwisha kufunzwa katika jeshi la Misri, lenye desturi za Kituruki, na walifika na majina ya vyeo vyao: ombasha, shaushi na efendi. Katika Kituruki, ombasha maana yake ni mkuu wa watu kumi. Majina hayo yaliingia katika Kiswahili cha kambini pamoja na neno la Kiarabu ambalo lilikwisha kuzoeleka, yaani askari.

Hadi kufikia mwaka 1914 jeshi la Wajerumani lilikuwa na kombania 14 na askari Waafrika wapatao 2,500. Watu hao walitoka katika makabila mengi, na kilichowawezesha kusogea, kulenga na kurudi nyuma kwa pamoja kilikuwa ni amri za lugha moja waliyoielewa wote. Hata hivyo, cheo cha efendi kilikuwa mwisho wa safari. Mwafrika aliyekifikia alikuwa ameheshimiwa kwa umri na uzoefu, lakini hakuwa na mamlaka juu ya Mjerumani yeyote.

3.0 KAR na ngazi iliyokatwa

Kwa upande wa Waingereza, kikosi cha King's African Rifles, maarufu kwa jina la KAR, kiliundwa tarehe 1 Januari 1902. Ofisa Mwingereza aliyepelekwa kukitumikia katika Kenya, Uganda au Tanganyika alitakiwa kujifunza Kiswahili. Mkamba, Mhehe, Mnyamwezi na Mwacholi nao waliofika kambini bila kukijua walijifunza hapo hapo, wakiwa makuruta.

Ni vema tukaangalia jinsi mafunzo ya kikosi yanavyokwenda. Kuruta huanza na kwata: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Kisha hufunzwa kutenda kazi ndani ya seksheni chini ya koplo, seksheni ndani ya platuni, na platuni ndani ya kombania. Katika hatua za mwanzo mwalimu halisi alikuwa ni koplo na sajini Mwafrika. Yeye ndiye aliyemwonyesha kuruta namna ya kushika bunduki, ndiye aliyejua nani mwoga na nani mkaidi, na ndiye aliyesuluhisha ugomvi usiku. Kazi hiyo ni uongozi kwa maana yake kamili. Lakini mipango, ramani, mahesabu ya chakula na risasi, na taarifa kwa wakubwa viliandikwa kwa Kiingereza, na vilibaki kwa ofisa.

Mgawanyo huo uliacha alama katika lugha yenyewe. Kiswahili cha KAR kilijulikana kwa kupunguza upatanisho wa ngeli na kwa kuegemea mno kauli ya kuamuru. Wanaisimu wamekichunguza kama lahaja ya mchanganyiko, na wamefanya vizuri. Hata hivyo, tukikitazama kwa jicho la historia tunaona pia lugha iliyopewa kazi moja tu. Lugha ya kuamrisha tu haihitaji kushawishi wala kueleza sababu. Na kiongozi aliyelelewa ndani yake hakupewa nafasi ya kujifunza kufanya hivyo.

Katika miaka ya 1950, uhuru ulipokuwa ukibisha hodi, Waingereza walikirudisha cheo cha efendi kwa Waafrika wachache. Idi Amin, aliyejiunga na KAR mwaka 1946, alikipata mwaka 1959, akawa luteni mwaka 1961. Watu waliopaswa kulelewa uofisa kwa muda mrefu walivushwa katika miaka miwili au mitatu.

4.0 Januari 1964

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vikosi vyake vya KAR vilibadilishwa jina vikawa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, maofisa wengi walibaki Waingereza, akiwamo mkuu wa jeshi, Brigedia Sholto Douglas. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, kambi ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Kesho yake wakafuata wenzao wa Tabora. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara, na kuondolewa kwa maofisa wa kigeni. Siku chache baadaye maasi yalizuka pia Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Serikali ya Mwalimu Nyerere ililazimika kuomba msaada wa Uingereza, na tarehe 25 Januari makomando walitua wakawanyang'anya silaha waasi.

Maasi hayo hayakuwa suala la lugha, na mhadhara huu hausemi hivyo. Lakini dai la pili la askari lilihusu ngazi ile ile iliyokatwa: sajini aliyefunza makuruta kwa miaka 15 alimwona luteni kijana kutoka ng'ambo akimpita kwa sababu ya rangi na lugha.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, chini ya Mrisho Sarakikya, ofisa aliyesomea Sandhurst. Askari wapya walichaguliwa kwa wingi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU. Elimu ya siasa iliingizwa katika mafunzo, na ilitolewa kwa Kiswahili. Hapa ndipo mabadiliko makubwa yalipotokea. Kwa mara ya kwanza askari alielezwa, kwa lugha ile ile ya kwata, sababu ya kubeba silaha. Kiingereza hakikutoweka, maana wakufunzi wa Canada walikuwapo kuanzia 1965 hadi 1970, na maofisa waliendelea kusoma nchi za nje. Lakini mtu wa chini hakuzuiwa tena kupanda juu.

5.0 Wanafunzi wawili wa shule moja

Ushahidi ulio wazi ni wa David Musuguri. Alijiunga na KAR mwaka 1942, miaka minne kabla ya Amin. Mwaka 1979 aliongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, dhidi ya jeshi la Amin, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili mwaka huo. Kisha alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki mwaka 2024.

Musuguri na Amin walitoka katika kwata moja na walisikia amri za lugha moja. Mmoja alipanda ndani ya jeshi lililowajibika kwa raia; mwingine alipanda akaipindua serikali mwaka 1971. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda kwa amri, kama alivyozoea kambini. Waganda wengi walikwisha kukisikia lugha hiyo kutoka kinywani mwa askari mwenye bunduki, na chuki ile ilidumu. Ndiyo maana marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili nchini humo, hayakuifuta mara moja.

6.0 Hitimisho

Leo askari wa Tanzania, Kenya na Uganda humwita mkubwa wake afande. Neno ni lile lile la efendi. Cheo kilichokuwa kikomo cha Mwafrika kimekuwa anwani ya heshima ya kila mkubwa, hadi jenerali.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi iliyobaki ni kubwa na muda ni mfupi. Waliokuwa makuruta mwaka 1964 sasa wanakaribia au wamevuka miaka 80. Wao wanajua jinsi kanuni za Kiingereza zilivyogeuzwa kuwa masomo ya Kiswahili uwanjani, maneno gani yalibuniwa na yapi yalikataliwa. Maarifa hayo yamo vichwani mwao kuliko yalivyo maktabani. Tuwafuate, tuwasikilize, tuandike, kabla hawajaondoka nayo.