Kati ya Watu, Lakini Si Kama Wote: Mashahidi Wawili Walei wa Kongo



Swali moja hurudi mara nyingi katika mikutano ya vijana wa parokia zetu: Je, Mkristo ajitenge na jamii, au aishi kama wote wanavyoishi? Wapo wanaojibu kwamba ajitenge kabisa. Asikae na wale wasiosali pamoja naye, asishiriki furaha zao, na hata mavazi yake yamtambulishe toka mbali. Wapo pia wanaosema kwamba dini ni jambo la siku ya Mungu tu. Shuleni, sokoni na kazini, wanasema, kila mtu afanye kama wenzake, kwa maana asiyefanya hivyo atalala njaa.

Historia ya Kanisa inatuonyesha njia nyingine, nayo si nyepesi. Tuitazame kwanza pale ilipoanzia, halafu tuifuate hadi kwetu Kongo, katika maisha ya vijana wawili ambao hawakuwa mapadri wala watawa.

Wakristo wa kwanza na mtoto aliyetupwa

Katika karne ya pili, mwandishi ambaye jina lake halikuhifadhiwa alimwandikia mtu mmoja aitwaye Diognetus ili kumweleza Wakristo ni watu wa namna gani. Anasema kwamba hawana nchi yao ya pekee, wala lugha yao, wala mavazi yao. Wanakaa katika miji ileile pamoja na wengine, wanakula vyakula vilevile, wanaoa na kuzaa kama watu wote. Halafu anaongeza jambo moja dogo: wakizaa, hawawatupi watoto wao.

Sisi twaweza kulipita neno hilo bila kulitazama, lakini kwa watu wa wakati ule lilikuwa na uzito mkubwa. Katika milki ya Roma, baba wa familia aliruhusiwa kumkataa mtoto mchanga. Mtoto huyo aliachwa kando ya njia au penye takataka, afe au aokotwe na mtu wa kumfanya mtumwa. Watoto wa kike na wale waliozaliwa na kilema walikuwa katika hatari zaidi. Basi fikirieni jirani wa familia ya Kikristo. Mwaka mzima asingeona tofauti kubwa kati ya nyumba yake na nyumba yao. Tofauti ingeonekana siku ile mtoto asiyetakiwa na jamii alipozaliwa, na wazazi wake wakamlea.

Baadaye, kuanzia karne ya tatu, wengine walikwenda kuishi jangwani, kama Mtakatifu Antoni wa Misri. Hata hao hawakuondoka kwa sababu ya kuwachukia watu. Mateso yalipowapata Wakristo wa Aleksandria karibu na mwaka 311, Antoni alitoka jangwani, akashuka mjini kuwafariji waliofungwa na waliopelekwa kuhukumiwa. Alijitenga na dunia, lakini ndugu zake walipokuwa hatarini alikwenda kwao.

Isidore Bakanja na kitambaa shingoni

Mwishoni mwa karne ya 19, wamonaki Watrapisti wa Westmalle, Ubelgiji, walifika katika eneo la Ekwateri. Ni watu ambao kanuni yao ni ukimya, kazi ya mikono na maisha ya kando. Mmoja wa waliopokea mafundisho yao alikuwa kijana wa kabila la Wamongo aitwaye Bakanja, mzaliwa wa Bokendela. Alikuwa amekwenda Mbandaka kutafuta kazi, akawa msaidizi wa waashi. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapewa jina la Isidore. Mwaka huohuo alipokea Kipaimara, na mwaka 1907 Komunyo ya kwanza. Alipewa rozari na Skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi na kuvaliwa shingoni.

Kitambaa kile hakikuwa na thamani sokoni, lakini kwa Wakristo wapya wa Ekwateri kilikuwa alama iliyomwambia kila mtu: huyu ni wa Kristo. Bakanja hakubaki karibu na misheni. Alirudi upande wa mto Busira, mahali ambapo Wakristo walikuwa wachache sana, akawa mtumishi wa nyumbani wa Mbelgiji mmoja, na baadaye akaenda Ikili, penye shamba la kampuni ya SAB.

Tukumbuke nyakati zile zilikuwaje. Ni Novemba 1908 tu Kongo ilipotoka mikononi mwa Mfalme Leopold II na kukabidhiwa serikali ya Ubelgiji. Watu wetu walikuwa wameteswa miaka mingi kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu. Katika makampuni, mawakala wengi hawakuupenda Ukristo, ijapokuwa wao wenyewe walitoka nchi ya Kikristo. Mfanyakazi anayejua kwamba yeye na bwana wake watasimama mbele ya Hakimu mmoja si rahisi tena kutendwa kama chombo. Tena wamisionari waliona mambo na kuyasema.

Msimamizi wa Ikili, Van Cauter, alimkataza Bakanja kuwafundisha wenzake sala, akidai kwamba wakianza kusali hakuna atakayefanya kazi. Bakanja aliomba ruhusa arudi kwao, akakataliwa. Msimamizi akamwamuru avue Skapulari. Hakuivua. Mwanzoni mwa mwaka 1909, msimamizi huyo aliikwanyua shingoni mwake, akaamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Alipigwa mapigo zaidi ya 200, mgongo wake ukawa kidonda kimoja.

Mkaguzi wa kampuni, Dörpinghaus, alipokaribia kufika, Bakanja aliondolewa ili asionekane. Yeye akajificha msituni, akajikokota hadi alipomkuta mkaguzi, naye akamchukua na kumtunza. Lakini vidonda vilikuwa vimeoza. Mwezi wa Julai mapadri wawili Watrapisti walimtembelea, wakampa sakramenti. Walipomhimiza amsamehe aliyemtesa, alijibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, rozari mkononi na Skapulari shingoni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Bakanja hakuwa na ukuta wa monasteri wa kumlinda. Aliosha vyombo, akatii maagizo ya kazi, akaishi na wafanyakazi wenzake. Alikataa jambo moja tu: kujifanya si wa Kristo.

Floribert Bwana Chui na mchele mbovu

Miaka karibu 100 baadaye, katika mji wa Goma, jaribu lilikuja kwa sura nyingine. Halikushika mjeledi. Lilishika bahasha.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria katika chuo kikuu cha mji huo. Alikuwa mshiriki wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na kupitia jumuiya hiyo aliwafanya watoto wa mitaani kuwa rafiki zake, wale ambao Goma huwaita maibobo na wengi hupita mbali nao. Alipopata kazi katika Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, alipewa jukumu la kuangalia bidhaa zilizoharibika mpakani. Mchele, unga, samaki: ikiwa chakula kimeoza, ni saini yake inayokizuia kuingia.

Kila mmoja wetu anajua maana ya kazi ya namna hiyo. Familia nzima hufurahi, na jirani husema: sasa mmepona. Na kila mmoja wetu anajua pia neno matabishi, neno laini linalofunika kitu kigumu. Floribert aliletewa fedha ili aruhusu shehena ya mchele uliooza ipite. Alikataa. Walimsukuma tena, akakataa tena. Kwa rafiki yake aliyemweleza jambo hilo, alisema kwamba fedha zitakwisha upesi, lakini wale watakaokula chakula hicho itakuwaje? Na alijiuliza kama kweli anaishi ndani ya Kristo au la.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana, ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashahidi wa Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbusha vijana wa Kongo habari zake: angeweza kufumba macho, na hakuna ambaye angejua. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Tofauti inayotakiwa kwetu

Tukiwaweka pamoja wazazi wa zamani waliomlea mtoto asiyetakiwa, Bakanja na Floribert, tunaona mambo matatu.

Kwanza, hakuna kati yao aliyejitenga kwa kiburi. Wangeweza kupita sokoni bila mtu kugeuza shingo. Tofauti yao ilionekana pale ambapo kufanana na wengine kungemdhuru mtu au kumkana Mungu. Kumbe anayebadili mavazi tu, na huku akinunua alama za mtihani kwa mwalimu, bado hajajitenga na lolote.

Pili, tofauti hiyo ina gharama, na si haki kuwaficha vijana jambo hilo. Anayekataa kutoa hongo aweza kuikosa nafasi ya kazi. Msichana anayekataa kulipa kwa mwili wake aweza kurudia mwaka. Kanisa haliwaambii kwamba mtashinda haraka. Bakanja aliumwa miezi mingi, na Floribert hakurudi nyumbani. Ambaye hajakubali kwamba anaweza kupoteza kitu, siku ya jaribu atapata sababu nzuri ya kusaini.

Tatu, hawakusimama peke yao. Nyuma ya Bakanja kulikuwa na jumuiya iliyomfundisha kusali. Nyuma ya Floribert kulikuwa na marafiki ambao aliwaeleza jaribu lake. Hii ndiyo kazi ya kikundi cha vijana na ya shirika la mtaani kwenu. Kwaya na michezo ni vyema, lakini havitoshi. Je, kijana anayeshinikizwa leo kazini au shuleni anaweza kusimama katikati yenu na kulisema, bila kuchekwa? Na yule aliyekosa kazi kwa kukataa kuiba, je, kuna atakayemgawia chakula? Kama hakuna, basi tunadai ushujaa kwa mtu ambaye tumemwacha mwenyewe.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika shule, soko au kazi yetu, ni jambo gani ambalo wote hulifanya na ambalo Mkristo hawezi kulifanya?

2. Mara ngapi tumetafuta tofauti ya nje ili kuepuka ile ya ndani?

3. Kikundi chetu kitamsaidiaje, kwa tendo moja la wazi, mwenzetu anayelipa gharama ya uaminifu wake?

Wenye Heri Isidore Bakanja na Floribert Bwana Chui, mtuombee.