Birika la Kuchezea na Kidole cha Shahada

Baba yake Donald Triplett hakungoja kuulizwa. Mwaka 1938, kabla mwanawe wa miaka mitano hajapelekwa Baltimore, Marekani, kuonwa na daktari Leo Kanner, alimwandikia barua ya kurasa 33: mtoto anapenda kuzungusha vitu, na furaha yake ni kuachwa peke yake. Kanner alipoieleza hali ya usonji mwaka 1943, kwa mifano ya watoto 11, Donald ndiye aliyetangulia.

Inauma kwamba baadaye wazazi, hasa akina mama, walitupiwa lawama: eti ubaridi wao ndio uliomfanya mtoto ajitenge. Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mwana aliyekuwa na usonji, aliipinga dhana hiyo kwa kitabu kizima mwaka 1964.

Mwaka 1992 mtafiti Simon Baron-Cohen na wenzake wakachapisha kipimo cha kugundua dalili za usonji mapema, cha kutumiwa kwenye kliniki za kawaida za Uingereza, na daktari wa familia au muuguzi wa jamii, mtoto akiwa na miezi 18 tu. Mzazi anaulizwa maswali machache. Kisha mtoto anapewa birika na kikombe vya kuchezea, aombwe kumimina chai ambayo haipo, kama watoto wetu wanavyopika wali wa mchanga uani. Anaulizwa pia taa iko wapi. Hapo muuguzi hutazama kwa makini: je, mtoto ananyoosha kidole cha shahada, kisha anamtazama muuguzi usoni? Kidole cha kuomba biskuti ni kingine. Kinachotafutwa ni kile cha kusema, “Na wewe tazama!”

Watoto zaidi ya 16,000 walipimwa, wakafuatiliwa hadi umri wa miaka saba. Kati ya 50 waliobainika kuwa na usonji wa utotoni, kipimo kiliwanasa 19 tu. Kufaulu kipimo hicho, basi, hakukutosha kumrudisha nyumbani mama mwenye wasiwasi kwa kumwambia, “Subiri, ataongea.”

Mwaka 2001 mtafiti Diana Robins na wenzake, huko Marekani, wakatoa orodha ya maswali 23 ya kujibiwa na mzazi mwenyewe. Toleo la mwaka 2014 lina 20. Alama zikiwa za kati, mhudumu humrudia mzazi na kuomba mifano: ndege ikipita angani, mtoto hufanya nini? Anayetiliwa shaka hupimwa pia masikio, na mafunzo ya mawasiliano yanaweza kuanza hata kabla daktari bingwa hajatoa jibu.