Mabinti na nyumba ya wazazi (tamthilia)

Mabinti na nyumba ya wazazi ni maudhui ya tamthilia yanayowakutanisha ndugu wa kike waliotengana, aghalabu kwa msiba au ugonjwa, katika nyumba ya ujana wao. Ugomvi huanza na maneno ya zamani, kisha huishia kwenye swali moja zito: nyumba ni ya nani?

Jukwaa la dunia

Katika mchezo wa Anton Chekhov kuhusu dada watatu, uliooneshwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901, Natasha, mke wa kaka yao, anaitwaa nyumba chumba baada ya chumba. Katika Crimes of the Heart ya Beth Henley wa Marekani, dada watatu wa ukoo wa Magrath wanakutana jikoni kwa babu yao, mjini Hazlehurst, Mississippi, baada ya mdogo wao kumpiga risasi mumewe. Mchezo huo ulipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1981 na ukafanywa filamu mwaka 1986.

Tamthilia ya Kiswahili

Hapa mgogoro wa nyumba humwangukia zaidi mjane. Katika Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, wanawake wa kijiji cha Patata wanashindwa kuisimamisha nguzo yao kwa kutoelewana, na mjane ananyang'anywa mali na ndugu wa marehemu. Kwenye Ukingo wa Thim (1988) ya Ebrahim Hussein inamkabilisha mjane Martha na ukoo wa mumewe.

Sheria ya urithi

Nchini Tanzania, uchungu huo una mizizi katika sheria. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, lilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini si kuiuza. Holaria Pastory, Mhaya aliyeachiwa shamba na babake kwa wosia, aliliuza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka kwa ujasiri kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba, na mauzo yakabaki halali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi.

Upare

Wapare wa milima ya kaskazini mwa Tanzania nao hufuata ukoo wa baba. Msiba unapotokea, binti aliyeolewa mbali hushuka kwenye basi mjini Same, akapanda gari la mlimani kuelekea Mbaga au Chome. Anamkuta nduguye jikoni, sufuria ya makande mekoni, nao hawajasemeshana kwa miaka. Mchezo uko tayari hapo.

Wanawake wa milima hii wamekwisha kuitetea kaya hadharani. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walipiga kambi Same kupinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru. Wanawake wa Usangi nao waliandamana, wakimdai mkuu wa wilaya amalize mgogoro uliowaacha bila waume. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika habari za mgogoro huo.

Hali ya sasa

Tamthilia za Muhando na Hussein zingali zikisomwa vyuoni. Sheria imempa binti haki ya kumiliki. Ufunguo wa nyumba bado anauomba kwa kaka yake.