Safari za boti kwenye mifereji ya Ufaransa

Safari za boti kwenye mifereji ya Ufaransa (kwa Kifaransa: tourisme fluvial) ni aina ya utalii ambapo wasafiri, mara nyingi mke na mume au familia ndogo, huishi ndani ya boti kwa siku, majuma au hata miezi kadhaa wakipita polepole kwenye mifereji na mito ya nchi hiyo. Boti huwa nyumba na chombo cha usafiri kwa pamoja: ina vitanda, jiko, choo na bafu.

Ufaransa ina takriban kilomita 8,500 za njia za maji zinazopitika kwa boti. Takriban kilomita 6,700 kati yake zinasimamiwa na taasisi ya serikali iitwayo Voies navigables de France (VNF), iliyoundwa mwaka 1991.

Mifereji hiyo haikuchimbwa kwa ajili ya watalii. Ilijengwa ili kusafirisha kuni, nafaka, divai, mawe na makaa. Kwenye mingi iliyo midogo, biashara ya mizigo imekwisha au karibu kwisha, na boti za mapumziko ndizo zilizobaki kuitumia.

Historia

Ujenzi wa mifereji

Mfereji wa Briare ulianza kujengwa mwaka 1604 chini ya mfalme Henri IV na waziri wake Sully, ukakamilika mwaka 1642. Unaunganisha mto Loire na mto Loing, ambao ni tawimto la Seine. Ulikuwa mfereji wa kwanza nchini kuvusha boti juu ya mwinuko unaotenganisha mabonde ya mito miwili. Huko Rogny boti zilipanda kilima kwa malango saba ya maji yaliyofuatana kama ngazi. Malango hayo bado yanaonekana, ingawa hayatumiki tena.

Mfereji wa Midi (Canal du Midi) ulijengwa kati ya miaka 1666 na 1681, wakati wa mfalme Louis XIV. Una urefu wa kilomita 240, kutoka Toulouse hadi wangwa wa Thau kando ya Bahari ya Kati. Mwanzilishi wake, Pierre-Paul Riquet, alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi. Tatizo kubwa lilikuwa kupata maji ya kutosha kwa sehemu ya juu kabisa ya mfereji, huko Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari. Riquet alilitatua kwa kukusanya maji ya vijito vya Mlima Mweusi (Montagne Noire) katika bwawa la Saint-Ferréol na kuyaleta Naurouze kwa mitaro. Takriban watu 12,000, wakiwemo wanawake, walifanya kazi hiyo. Riquet alitumia sehemu kubwa ya mali yake mwenyewe, akafariki Oktoba 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa.

Mnamo 1787 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alisafiri kwenye mfereji huo. Gari lake la farasi lilipakiwa juu ya boti. Mara akikaa ndani yake, mara akishuka kutembea ukingoni.

Mwaka 1879 sheria iliyopendekezwa na waziri Charles de Freycinet iliweka kipimo kimoja cha malango kwa mifereji mikuu, ili tishari (péniche) lenye urefu wa mita 38.5 na upana wa takriban mita 5 liweze kupita. Mfereji wa Midi haukupanuliwa kote. Malango yake mengi yalibaki na urefu wa takriban mita 30. Kabla ya hapo, mwaka 1858, mfereji huo ulikuwa umekodishwa kwa kampuni ya reli iliyokuwa mshindani wake. Usafirishaji wa mizigo ukapungua.

Familia za matishari

Kabla ya injini kuenea, matishari yalivutwa na farasi, nyumbu au watu waliotembea kwenye njia ya ukingoni (chemin de halage). Kwenye matishari ya wamiliki maskini, mke na watoto walivaa mikanda kifuani na kuvuta pamoja na baba. Familia iliishi katika chumba kidogo cha nyuma, na sehemu nyingine yote ilikuwa ya mzigo. Watoto waliofikia umri wa shule mara nyingi walipelekwa shule za bweni, kwa kuwa wazazi hawakukaa mahali pamoja. Mji wa Conflans-Sainte-Honorine, mahali mto Oise unapoingia Seine, ulikuwa kitovu cha jamii hiyo, na leo una makumbusho yake.

Maisha hayo yanaonyeshwa katika filamu L'Atalante ya Jean Vigo (1934), inayohusu nahodha wa tishari na mke wake waliotoka tu kufunga ndoa. Bwana harusi yuko nyumbani kwake. Bibi harusi anatamani kuuona mji wa Paris. Ufinyu wa chumba unawagombanisha, na utengano unawarudisha pamoja.

Mwanzo wa safari za mapumziko

Mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson alisafiri mwaka 1876 pamoja na rafiki yake Walter Simpson kwa mitumbwi miwili kutoka Antwerpen, Ubelgiji, hadi Pontoise karibu na Paris. Kitabu chake An Inland Voyage kilitoka mwaka 1878. Baada ya safari hiyo alikwenda kijiji cha Grez kando ya mto Loing, akakutana na Fanny Osbourne, waliyefunga ndoa mwaka 1880.

Ukodishaji wa boti kwa watalii ulianza kukua katika miaka ya 1960. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Mfereji wa Nivernais, ambao mizigo yake ilikuwa imekwisha na baadhi ya sehemu zake zilitishiwa kufungwa. Boti za kukodi zilizoanzia Baye zilionyesha kwamba mfereji huo bado una watumiaji.

Tangu hapo wanandoa kadhaa wameandika au kurekodi safari zao. Waingereza Terry na Monica Darlington, waliokuwa wamekwisha kustaafu, walivuka bahari kwa boti nyembamba isiyotengenezwa kwa mawimbi, wakafika kusini mwa Ufaransa pamoja na mbwa wao. Kitabu cha safari hiyo, Narrow Dog to Carcassonne, kilitoka mwaka 2005. Waigizaji Timothy West na Prunella Scales, mume na mke, walionyesha safari zao, zikiwemo za Ufaransa, katika kipindi cha televisheni Great Canal Journeys kilichoanza mwaka 2014. Scales alikuwa akiishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kipindi hakikuuficha: mwendo wa polepole na kazi ndogondogo za boti vilikuwa jambo ambalo wawili hao bado waliweza kulifanya pamoja.

Namna ya kusafiri

Boti ya kukodi haihitaji leseni. Kampuni humfundisha mpangaji kuiendesha na kumpa kibali cha muda wa safari. Mwenye boti yake binafsi huhitaji cheti cha uendeshaji, na hulipa ada ya VNF ikiwa boti ina urefu unaozidi mita 5 au injini ya nguvu-farasi 9.9 na zaidi. Kwenye mifereji mwendo wa juu ni kilomita 6 hadi 8 kwa saa, usije mawimbi ya boti yakabomoa kingo. Baiskeli inayopita ukingoni huipita boti kwa urahisi.

Lango la maji (écluse) ni chumba cha mawe au zege chenye milango pande mbili. Boti inayopanda huingia chumba kikiwa na maji kidogo, mlango wa nyuma hufungwa, maji ya juu huingizwa, na boti huinuka hadi usawa wa upande wa pili. Inayoshuka hufanya kinyume.

Watu wawili wanatosha kwa kazi hiyo: mmoja hushika usukani, mwingine kamba. Kamba huzungushwa kwenye nguzo ya ukingoni na kushikwa mkononi, wala haifungwi. Boti iliyofungwa kamba wakati wa kushuka inaweza kuning'inia ukutani maji yanapopungua, na ajali nyingi za wageni huanzia hapo.

Baadhi ya malango yana mlinzi wake. Mengine huendeshwa na wasafiri wenyewe kwa kifaa cha mkononi au kwa kuzungusha fimbo inayoning'inia juu ya maji. Taa nyekundu humaanisha subiri, nyekundu na kijani pamoja humaanisha lango linaandaliwa, na kijani humaanisha ingia. Malango mengi hufungwa usiku, na baadhi yake hufungwa pia wakati wa chakula cha mchana. Wakati wa baridi sehemu nyingi husimama kwa ajili ya matengenezo, hivyo msimu wa watalii ni hasa Aprili hadi Oktoba.

Njia mashuhuri

* Mfereji wa Midi: una ngazi ya malango ya Fonserannes karibu na Béziers, na handaki la Malpas (1679), la kwanza kuchimbwa Ulaya kwa ajili ya boti za mfereji. Uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996.
* Mfereji wa Bourgogne: kilomita 242 na malango 189, wanaopita malango 10 kwa siku huhitaji karibu siku 19. Handaki la Pouilly-en-Auxois lina urefu wa mita 3,333.
* Mfereji wa Nivernais: kilomita 174, kati ya Auxerre na mto Loire karibu na Decize.
* Daraja la mfereji la Briare: lilifunguliwa mwaka 1896, lina urefu wa mita 662, na hupitisha boti juu ya mto Loire.
* Mfereji wa Marne hadi Rhine: huko Arzviller lifti ya mteremko iliyofunguliwa mwaka 1969 huinua boti mita 44.5 badala ya malango 17 ya zamani.

Changamoto

Mfereji usiotunzwa hujaa tope na magugu, na milango ya mbao huoza. Mizigo inapokosekana, gharama hubaki kwa serikali, mikoa na ada za watalii, na swali la nani alipe hurudi kila mara.

Maji nayo hayatoshi kila mwaka. Kila boti inayovuka sehemu ya juu ya mfereji huteremsha maji ya bwawa pande zote mbili. Katika kiangazi kikavu cha mwaka 2022 sehemu za mifereji ya Bourgogne zilifungwa kwa boti.

Kwenye Mfereji wa Midi kulikuwa na takriban miplatani 42,000 iliyotia kivuli maji na kushikilia kingo kwa mizizi yake. Mwaka 2006 iligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kuvu Ceratocystis platani, usio na tiba. Kuvu hiyo inaaminika kuingia Ufaransa na masanduku ya mbao ya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huenea kwa maji na pia kwa vidonda vya mizizi, kwa mfano pale boti inapogonga ukingo au kufungwa kwenye mti, ndiyo maana wasafiri wamekatazwa kufunga kamba kwenye miti. Maelfu ya miti imekatwa na kuchomwa, na miti mingine, ikiwemo aina za mialoni, inapandwa mahali pake.

Tazama pia

* Mfereji wa Midi
* Mto Loire
* Mto Seine
* Orodha ya Urithi wa Dunia nchini Ufaransa