Milisho ya Tovuti na Mamlaka ya Msomaji: Historia Fupi, 1997-2013

Utangulizi

Msomaji wa gazeti hahitaji kwenda kiwandani kila asubuhi kuuliza kama limekwisha pigwa chapa. Huandikisha jina lake mara moja, nalo gazeti humfikia. Msomaji wa intaneti wa miaka ya 1990 hakuwa na nafasi hiyo kwa tovuti nyingi alizozipenda. Ilimpasa aziendee moja baada ya nyingine, na mara nyingi alikuta hakuna jipya. Ugumu huo ulizidi zilipochipuka blogu, yaani madaftari ya wazi ambamo mtu yeyote huandika kwa wakati wake, leo mara tatu, kisha kimya cha mwezi mzima. Aliyetaka kufuata waandishi thelathini wa namna hiyo alipoteza muda mwingi akibisha milango iliyofungwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ugumu huo ulivyotatuliwa kwa chombo kiitwacho mlisho, na yaliyokipata chombo hicho. Hoja yake ni kwamba mlisho ulimpa msomaji mamlaka ya kuchagua na kupanga anachosoma, na kwamba mamlaka hayo yalidumu pale tu yalipotegemea mapatano ya wazi, wala si hisani ya kampuni moja.

1. Mlisho na kisomaji

Mlisho ni faili fupi ambayo tovuti huiweka mahali palepale daima. Ndani yake mna orodha ya maandishi mapya: kichwa cha kila andiko, anwani yake, tarehe, na muhtasari au matini yenyewe. Faili hiyo imeandikwa kwa alama za XML, ambazo kompyuta huzitambua bila kubahatisha lipi ni kichwa na lipi ni tarehe.

Kisomaji ni programu ya upande wa msomaji. Huhifadhi anwani za milisho aliyoichagua, huipitia kila baada ya muda, hulinganisha yaliyomo na yale yaliyoonekana awali, kisha huonyesha mapya peke yake. Ieleweke kwamba mwandishi hapati jina wala anwani ya msomaji kwa sababu tu huyo amejiandikisha. Akichoka, msomaji hufuta mstari mmoja katika orodha yake, bila kumwomba mtu ruhusa. Mpangilio nao ni wa wakati: lililoandikwa mwisho huonekana kwanza, hata kama halimfaidii mfanyabiashara yeyote.

2. Asili na mabishano

Mwezi Desemba 1997, Dave Winer wa kampuni ya UserLand Software nchini Marekani alianza kutoa maandishi ya tovuti yake, Scripting News, katika umbo la XML. Machi 1999, Dan Libby na Ramanathan V. Guha wa kampuni ya Netscape walitunga kanuni waliyoiita RSS, toleo la 0.90, kwa ajili ya ukurasa wa My Netscape, ambapo mtumiaji alijichagulia habari kutoka tovuti mbalimbali. Julai mwaka huohuo lilifuata toleo la 0.91, lililorahisishwa na kuazima mambo kutoka umbo la Winer. Mlisho wake haukuruhusiwa kupita maandishi 15. Muda si mrefu Netscape ilipoteza hamu, na mwaka 2001 My Netscape iliacha kupokea milisho hiyo.

Kiumbe huyo aliyeachwa na mzazi wake alipata walezi wawili wasiopatana. Wa kwanza walikuwa kikundi kilichotaka kurudia RDF, yaani utaratibu wa kueleza vitu na mahusiano yake kwa namna ambayo kompyuta huweza kuifuata. Miongoni mwao walikuwamo Rael Dornfest na Aaron Swartz, kijana wa miaka 14. Kikundi hicho kilitoa RSS 1.0 mwezi Desemba 2000. Mwezi huohuo Winer, aliyetetea urahisi, alitoa RSS 0.92, iliyoondoa kikomo cha maandishi 15 na kuruhusu faili za sauti ziambatishwe. Septemba 2002 akatoa RSS 2.0. Hata maana ya herufi hizo tatu ilibishaniwa: wengine walizisoma kama muhtasari wa tovuti, wengine kama usambazaji rahisi sana.

Mambo mawili yalipunguza ukali wa ugomvi. Julai 2003, kanuni ya RSS 2.0 ilikabidhiwa Kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard, ikawekwa chini ya leseni ya wazi na kutangazwa kwamba haitabadilishwa tena katika mambo ya msingi. Mwezi mmoja kabla yake, Sam Ruby alikuwa ameanzisha majadiliano ya kutunga kanuni mpya isiyo na mshindi wala mshindwa. Matunda yake ni Atom, iliyopitishwa na IETF, jumuiya itungayo kanuni za intaneti, mwezi Desemba 2005.

Basi zikabaki lahaja tatu. Waandishi wa visomaji hawakungoja wataalamu wapatane. Walivifundisha visomaji vyao kuelewa zote. Mwanaisimu hatashangaa. Mwenyeji wa Lubumbashi husikia Kiswahili cha mtaani na kile cha redioni, naye huvielewa vyote viwili bila kusubiri uamuzi wa kamati. Kanuni huishi kwa matumizi kuliko kwa hukumu.

3. Enzi ya visomaji

Kisomaji NetNewsWire cha Brent Simmons, kilichotengenezewa kompyuta za Apple, kilianza mwaka 2002. Mwaka 2003 Mark Fletcher alianzisha Bloglines, iliyosomwa ndani ya tovuti, hata mtu asiye na kompyuta yake mwenyewe aliweza kuifungua popote. Tarehe 7 Oktoba 2005 kampuni ya Google ilitoa Google Reader. Chombo hicho kilikuwa cha bure, kilikwenda kwa kasi, na kiliwawezesha wasomaji kuonyeshana walichokisoma.

Faida kubwa ya visomaji ilikuwa usawa. Katika orodha ya msomaji, gazeti lenye waandishi mia na blogu ya mtu mmoja vilikaa mstari juu ya mstari, kwa herufi za ukubwa uleule. Jambo hili linaugusa Uswahili moja kwa moja. Mwaka 2004 Mtanzania Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe, mojawapo ya blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Mwaka huohuo, katika Kituo kilekile cha Berkman, Rebecca MacKinnon na Ethan Zuckerman walianzisha Global Voices ili sauti za wanablogu wa nchi zisizosikika zipate wasikilizaji. Baadaye Macha mwenyewe alikuwa mmoja wa wahariri wake. Mwandishi wa Kiswahili hakuhitaji kibali cha mhariri wa Ulaya ili akae katika orodha ya msomaji. Alihitaji mlisho tu.

4. Mwaka 2013

Hata hivyo, kadiri chombo cha bure kilivyopendwa, ndivyo wasomaji wengi walivyoweka mayai yao katika kikapu kimoja. Onyo la kwanza lilitoka mwaka 2011, Google ilipoondoa uwezo wa kuonyeshana maandishi ndani ya Reader ili kuukuza mtandao wake wa Google+. Miongoni mwa waliolalamika walikuwamo Wairani, waliokuwa wakiitumia njia hiyo kupashana habari ambazo tovuti zake zilifungwa nchini mwao.

Tarehe 13 Machi 2013 kampuni ilitangaza kwamba Reader itafungwa, kwa sababu matumizi yake yalikuwa yamepungua. Ilifungwa tarehe 1 Julai, licha ya maombi mengi ya kupinga. Kufikia hapo umati ulikuwa umehamia Facebook na Twitter, ambako kampuni ndiyo huamua kipi kitangulie na kipi kifichwe.

Lakini la kuzingatia ni lile lisilokufa. Orodha za wasomaji ziliweza kutolewa katika faili ya OPML, umbo jingine lililotoka kwa Winer na wenzake mwaka 2000, na kupelekwa kwa visomaji vingine kama vile Feedly na NewsBlur. Mwandishi hakulazimika kubadili hata herufi moja ya mlisho wake. Nyumba ilibomolewa, wenyeji wakaondoka na vyombo vyao. Na ile nafasi ya faili za sauti, iliyofunguliwa Desemba 2000, imekuwa msingi wa podikasti, ambazo hadi leo husambazwa kwa milisho ya RSS. Wengi huzisikiliza bila kujua kwamba wanatumia chombo kinachodhaniwa kuwa kimezikwa.

Tamati

Historia hii si ya mitambo peke yake. Netscape ilijitoa, Google Reader ikafungwa, lakini mapatano yaliyoandikwa na kuachwa wazi yamewapita wote wawili umri. Kwa chuo kikuu, swali linalobaki ni la kila siku: mwalimu na mwanafunzi wanasoma walichokichagua, au walichochaguliwa? Mtafiti wa Bukavu au Kisangani, anayelipia intaneti kwa kipimo, bado anaweza kukusanya milisho ya majarida na blogu za fani yake, kuipakua kwa dakika chache, kisha kuisoma umeme wa mtandao ukiwa umekatika. Gharama yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni kuitunza orodha yake mwenyewe, kama mtu atunzavyo ufunguo wa nyumba.