Basenji na Kipimo cha Uzazi

Huko Mbozi Mission, Tanzania, mbwa hutafuta mwenza mwenyewe. Hakuna anayemdai cheti. Basenji, mwindaji asiyebweka wa misitu ya Kongo, hakuachiwa uhuru huo.

Mwaka 1937 alivuta umati kwenye maonyesho ya Crufts, London. Ukoo wake wa ughaibuni ulitokana na mbwa wachache mno, na ugonjwa wa Fanconi, unaofanya figo zimwage sukari kwenye mkojo, ukaenea. Wafugaji wakabishana: ukimtoa kila mgonjwa, nani atabaki kuzaa? Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kilifungua daftari lake la ukoo kwa mbwa wapya kutoka Zaire (sasa Kongo). Kipimo cha vinasaba cha Fanconi kikafuata 2007.

Kwa maradhi ya moyo ya mbwa wa aina nyingine, Cavalier, Denmark haikusubiri vinasaba. Tangu 2002 mbwa hao huchunguzwa moyo kabla ya kuzalishwa, na uvujaji wa vali umepungua. Hoja ya waliopinga kuwatoa wagonjwa imedhoofika.